Mandhari na menyu za tovuti ya biashara ndogo: WordPress, Elementor, Wix au Shopify?

Mfanyabiashara anapotafuta mandhari ya tovuti, yaani muonekano uliotengenezwa tayari anaoujaza yeye, cha kwanza anachooneshwa ni ukurasa wa mfano. Una picha pana ya ofisi yenye vioo, maneno machache na menyu ya maneno manne mafupi ya Kiingereza. Anavutiwa, analipa. Kisha anaweka picha zake za makabati zilizopigwa kwa simu, na menyu yake inasoma “Kuhusu Sisi”, “Bidhaa Zetu”, “Bei na Ofa”, “Wasiliana Nasi”. Menyu inavunjika mistari miwili, nembo inasukumwa pembeni, na namba ya simu haionekani tena.

Ndiyo maana ulinganisho huu wa WordPress, Elementor, Wix na Shopify, programu na huduma za kujengea tovuti, nauanzia kwenye menyu, si kwenye rangi. Rangi zinabadilika kwa dakika chache karibu kila mahali. Maswali yanayotenganisha njia hizi ni mawili: nani atakuwa anabadilisha menyu mwaka ujao, na kwa kifaa gani? Na siku ukiichoka mandhari uliyonayo, kazi ipi itabaki na ipi itapotea?

Tuchukue mfano wa karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Inauza vitanda, makabati, meza na sofa. Mwenyewe yuko kazini mchana kutwa na ofisi yake ni simu. Ana msaidizi mmoja anayejua kompyuta kiasi. Bajeti si kubwa, na kila kinacholipiwa kwa dola kwa kadi ni usumbufu.

Menyu yenyewe iweje

Kwa karakana hiyo ningeweka Vitanda, Makabati, Sofa, Bei, Tulipo, na kitufe cha WhatsApp. Basi. “Mwanzo” haina kazi pale juu, kwa kuwa nembo ikibonyezwa inamrudisha mteja ukurasa wa kwanza. “Kuhusu Sisi” ikae chini kabisa ya ukurasa, atakayeihitaji ataikuta. Neno “Bidhaa” nalo silipendi kwenye menyu ya duka dogo, maana linaficha kile ambacho mteja amekuja kukitafuta. Anayetaka kabati aone neno kabati.

Kiungo cha WhatsApp huandikwa https://wa.me/ kikifuatwa na namba kamili yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo: 255 na tarakimu tisa kwa Tanzania, 254 na tarakimu tisa kwa Kenya. Njia zote ninazozilinganisha hapa zinakubali kiungo hicho kama kipengele cha menyu. Kosa linalorudiwa sana ni kuandika ile sifuri baada ya 255. Kiungo kinaonekana kizima, ila mazungumzo hayafunguki.

Kwenye simu, menyu hujikunja ndani ya alama ya mistari mitatu. Alama hiyo ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, na leo iko kila mahali. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2016 wa Nielsen Norman Group, kampuni inayochunguza namna watu wanavyotumia tovuti, ulionesha kuwa watu huitumia kidogo menyu iliyofichwa kuliko ile inayoonekana. Kwa biashara inayoishi kwa kupigiwa simu, kitufe cha mawasiliano lazima kibaki nje ya mistari mitatu, kionekane muda wote. Hapa ndipo mandhari zinapoanza kutofautiana kweli.

WordPress yenye mandhari za jadi

Hizi ni kama Astra, Kadence, GeneratePress na OceanWP. Nazungumzia WordPress unayoiweka mwenyewe kwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti, ambayo programu yake ni bure. Unacholipia ni nafasi na jina la tovuti, na kampuni nyingi za hapa kwetu zinapokea malipo kwa simu.

Mfumo wake wa menyu uliingia na toleo la 3.0 mwaka 2010, na hadi leo naona ndio rahisi kuliko yote kumfundisha mtu. Unatengeneza orodha ya viungo, halafu unaiweka kwenye nafasi ambayo mandhari imeitangaza, juu au chini ya ukurasa. Orodha ni kitu kimoja na nafasi ni kitu kingine. Utengano huo ndio unaokuokoa siku ya kubadili mandhari, kwa sababu orodha inabaki ilivyo. Tangu toleo la 4.9 la mwaka 2017, WordPress hujaribu yenyewe kuilinganisha nafasi ya zamani na mpya, na isipofaulu, unaichagua upya na kazi imekwisha.

Kinachopotea ni mapambo. Rangi, fonti na mpangilio wa kichwa cha tovuti (ile sehemu ya juu yenye nembo na menyu) ulivyoviweka kwenye Kastomaiza, ukurasa wa WordPress wa kurekebisha muonekano, huhifadhiwa kwa jina la mandhari husika, na hata ile CSS ya ziada (msimbo wa muonekano) unayoiandika humo ni hivyo hivyo. Ukirudi kwenye mandhari ya zamani utavikuta vinakusubiri, lakini kwenye mpya unaanza upya.

Msaidizi wa karakana anaweza kubadilisha menyu akiwa na simu tu. Ukurasa wa menyu unafunguka kwenye kivinjari, na huna haja ya kuburuta kwa kidole: ukikifungua kipengele, ndani yake kuna viungo vya kukipandisha, kukishusha au kukiweka chini ya kingine. Wengi hawavioni, wanahangaika kuburuta kipengele kinachokimbia na ukurasa mzima.

Kwa kitufe cha WhatsApp, Astra na Kadence zinakuruhusu kupanga kichwa cha simu peke yake, tofauti na cha kompyuta, hata kwenye matoleo ya bure. Astra hugeuza menyu kuwa mistari mitatu skrini ikishuka chini ya pikseli 921, isipobadilishwa. Kwa menyu za Kiswahili hilo ni jema: maneno yetu ni marefu, na tableti ingeyavunja mistari miwili.

Udhaifu? Mafundi wengine huingiza mikono yao moja kwa moja kwenye mafaili ya mandhari. Sasisho likija, kazi yote inafutika. Anayebadilisha msimbo atumie mandhari mtoto, ambayo huirithi mandhari mama na kubaki salama inaposasishwa. Ukimwajiri fundi, muulize hilo kabla hajaanza.

WordPress yenye mandhari za bloki

Toleo la 5.9, Januari 2022, lilileta njia nyingine kabisa pamoja na mandhari ya Twenty Twenty-Two. Kuanzia hapo mandhari zote za msingi za WordPress ni za bloki, pamoja na Twenty Twenty-Five iliyokuja na toleo la 6.7 Novemba 2024. Kichwa, mwili na sehemu ya chini vyote vinahaririwa kwenye Mhariri wa Tovuti, na menyu imekuwa bloki, yaani kipande kimoja cha ukurasa, kama aya au picha.

Anayependa kubuni atafurahi. Rangi na fonti za tovuti nzima ziko mahali pamoja. Kuanzia toleo la 6.3 la mwaka 2023 unaweza kurudisha mtindo wa awali ukiona umeharibu. Mabadiliko yako yanakaa kwenye hifadhidata, kwa hiyo sasisho la mandhari haliyafuti. Na huhitaji kununua nyongeza ili tu uhamishe nembo kutoka kushoto kwenda katikati.

Kwa menyu, mambo si laini hivyo. Bloki ya menyu kwa kawaida hugeuka kuwa mistari mitatu kwenye upana wa pikseli 600. Kati ya hapo na kompyuta kamili kuna eneo pana la tableti na simu zilizolazwa, ambako “Wasiliana Nasi” huangukia mstari wa pili peke yake. Unaweza kuiamuru mistari mitatu ionekane muda wote, ila basi umeificha menyu hata kwa mwenye kompyuta. Dawa yangu ni kufupisha maneno, na kutoa kitufe cha WhatsApp nje ya bloki ya menyu kikae kando yake kama bloki ya kitufe. Hapo kitaonekana kwenye simu bila kufungua kitu.

Mtego wa pili ni kwa wanaohama kutoka mandhari ya jadi. Bloki ya menyu inakuruhusu kuchagua menyu yako ya zamani, lakini inachofanya ni kuinakili. Tangu siku hiyo unazo orodha mbili zisizojuana. Ukirekebisha ya zamani, tovuti haibadiliki, na hapo ndipo watu huanza kulaumu intaneti.

Usiogope sana, hata hivyo. Msaidizi akifuta bloki ya menyu kwa bahati mbaya, orodha yenyewe haijafa, kwa kuwa imehifadhiwa kando. Weka bloki upya, chagua orodha, inarudi. Vilevile ukihamia mandhari nyingine ya bloki, orodha inabaki. Kichwa ulichokipamba ndicho hakihami, kwa sababu kimefungwa kwa mandhari yake.

Kwa nani, basi? Kwa tovuti mpya yenye mtu anayekaa kwenye kompyuta na kujali muonekano, bloki ndio mwelekeo wa WordPress na ningeanzia huko. Kwa karakana yetu, ambako kila badiliko litafanywa kwa simu katikati ya kelele za randa, ningebaki kwenye mandhari ya jadi bila kusita.

Elementor na programu za kujengea kurasa

Elementor, iliyotoka mwaka 2016, inapendwa na mafundi wengi kwa kuwa unaona unachokijenga papo hapo. Naelewa mvuto wake. Lakini kwa swali letu la menyu, kidude chake cha menyu na uwezo wa kujenga kichwa cha tovuti viko kwenye toleo la kulipia kila mwaka. Orodha ya viungo bado inatoka WordPress ile ile. Kwa hiyo unalipia namna ya kuionesha orodha ambayo Kadence ingeionesha bure.

Inaongeza pia uzito. Kila ukurasa unapakua mafaili zaidi ya mtindo na msimbo, na mteja anayetumia bando la siku ndiye anayelipa. Ukiizima siku moja, maandishi yanabaki lakini mpangilio unasambaratika. Divi, programu nyingine ya aina hii, hadi toleo lake la 4, huacha kurasa zimejaa alama za mabano mraba.

Kama biashara yako inahitaji kurasa nyingi za matangazo zinazobadilika kila wiki, Elementor inalipa. Kwa tovuti ya kurasa sita, siipendekezi, hata kama fundi anaipenda.

Wix

Wix ilianzishwa mwaka 2006 na imelengwa kwa asiye na fundi. Kila kitu kiko chini ya paa moja: nafasi, mandhari, usalama. Unaburuta kitu unakiweka popote, na toleo la simu unalipanga peke yake, hivyo unaweza kuficha baadhi ya vitu kwenye simu bila kuvigusa kwenye kompyuta. Kitufe cha kupiga simu ni rahisi sana kuweka. Asiye na fundi na asiyetaka kumtafuta anaweza kuwa na tovuti nzuri kwa wikendi moja.

Ila kuna masharti matatu ambayo lazima uyajue kabla. La kwanza ni zito: kwenye mhariri wake wa kawaida, kiolezo ulichokichagua, ambacho ndicho mandhari ya Wix, hakibadiliki. Ukikichoka, unafungua tovuti mpya kwa kiolezo kingine na kujenga tena, kisha unahamishia jina lako huko. La pili, tovuti ya Wix haihamishiki kwenda kampuni nyingine ikiwa nzima. Ukitaka kuondoka, unaondoka na maandishi na picha, unajenga kwingine. La tatu, mpango wa bure unaweka matangazo ya Wix na anwani yenye jina lao, jambo ambalo kwa biashara inayotaka kuaminiwa naliona ni hasara.

Na mhariri kamili unataka kompyuta, hivyo yule anayeishi kwa simu atakwama.

Shopify

Hapa tunazungumzia duka lenye bei zisizojadiliwa, oda na malipo. Kwa kupanga mandhari na menyu, Shopify imefikiriwa vizuri kuliko zote. Menyu ni mali ya duka, si ya mandhari, hivyo ukibadili mandhari menyu zinakufuata. Zinaweza kuwa na ngazi tatu, na biashara ndogo haina haja ya zaidi ya mbili. Unaweza kuweka hadi mandhari 20 kwenye maktaba yako, ukanakili ile inayotumika, ukaichezea nakala usiku kucha bila mteja kuona kitu, na ukiridhika ukaichapisha. Huo ni utulivu wa moyo ambao WordPress haikupi bila kuweka tovuti ya majaribio pembeni. Dawn, mandhari ya bure iliyokuja mwaka 2021, inatosha kabisa kuanzia.

Tatizo letu liko kwenye malipo. Mfumo wa malipo wa Shopify yenyewe haufanyi kazi Tanzania wala Kenya, kwa hiyo unaunganisha mtoa huduma mwingine kama Pesapal au DPO, na Shopify inakukata ada ya ziada kwa kila mauzo kwa sababu hukutumia mfumo wake. Juu ya hapo kuna ada ya kila mwezi kwa dola. Kwa Kenya, kadi ya M-PESA GlobalPay iliyoletwa mwaka 2022 imerahisisha kulipia huduma kama hizi bila kadi ya benki, lakini ada yenyewe inabaki pale pale.

Anayeuza viatu vya ngozi, kahawa au vitenge kwa wateja wa nje anaweza kuimudu. Karakana ya Keko, ambako bei ya kabati inategemea mbao, vipimo na mazungumzo, haina cha kufanya na kikapu cha ununuzi.

Squarespace, huduma inayofanana na Wix, nitaipita haraka: ni nzuri kwa macho, lakini kwenye toleo la 7.1 nako kiolezo hakibadilishwi. Blogger ya Google ni bure na haina mzigo, ila mandhari zake zimezeeka na menyu yake ni ya kubahatisha.

Ukibadili mandhari, nini kinabaki

| Njia | Menyu | Rangi na kichwa | Kuhariri kwa simu |
|---|---|---|---|
| WordPress, mandhari ya jadi | Inabaki, huenda ukachagua nafasi upya | Unapanga upya | Inawezekana bila shida |
| WordPress, mandhari ya bloki | Inabaki, unaichagua kwenye bloki | Unapanga upya | Inachosha |
| Elementor ya kulipia | Orodha inabaki WordPress | Vinabaki ilimradi hujaizima | Hapana |
| Wix | Unajenga upya | Unajenga upya | Kidogo tu |
| Shopify | Inabaki | Unapanga upya, ya zamani inahifadhiwa | Inawezekana kwa programu yake |

Ningechagua nini

Kwa karakana ya samani, saluni, kliniki ndogo, shule ya awali au fundi magari, yaani biashara ambayo mteja huangalia kisha hupiga simu: WordPress na Kadence au Astra ya bure, vipengele visivyozidi sita kwenye menyu, WhatsApp nje ya mistari mitatu. Hata akiondoka fundi wa kwanza, wa pili hatashangaa alichokikuta. Hilo nalipa uzito mkubwa, kwa sababu biashara nyingi hubaki na tovuti ambayo hakuna anayeweza kuigusa.

Kwa nyumba ya wageni Paje au Nungwi inayohitaji Kiswahili na Kiingereza, bado ningebaki kwenye mandhari ya jadi, nikiongeza Polylang, nyongeza ya WordPress inayokuruhusu kupanga menyu moja kwa kila lugha. Menyu mbili zisiwe tafsiri ya moja kwa moja. Mgeni wa nje anatafuta vyumba na usafiri kutoka uwanja wa ndege, wakati wa ndani mara nyingi anatafuta bei na ukumbi wa sherehe.

Kwa mtu mmoja asiye na msaidizi wala fundi, mwenye kompyuta na anayehitaji tovuti mwezi huu: Wix ya kulipia, akijua kwamba siku ya kuhama atajenga upya. Kwa duka linalosafirisha bidhaa: Shopify.

Vyovyote utakavyoamua, fanya jaribio moja kabla ya kulipa. Andika menyu yako halisi, kwa maneno yako halisi, ndani ya mandhari ya majaribio. Itazame kwenye simu iliyosimama, simu iliyolazwa, na kompyuta ndogo. Kisha mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti hiyo, mwombe atafute bei ya kitanda cha futi tano kwa sita na akutumie ujumbe wa WhatsApp. Usimwelekeze. Akikwama kwenye menyu, badilisha maneno kwanza. Akikwama tena, badilisha mandhari.